Kamba ya Desderius

Mpaka leo sijapoa. Watu huniambia, Adelfina, sasa ni mwezi wa nne, ungekuwa umeshatulia, nami huwajibu kwamba mwenye haki ya kutulia ni yule ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na upawa mkononi. Na kwa kuwa hapa Kanazi kila mmoja anaisimulia habari ya baba yangu anavyotaka, huyu akitia chumvi, yule akipunguza, nimeona niiandike mwenyewe, niliyemfulia nguo na kula naye sahani moja.

Baba anaitwa Desderius. Ni mkulima wa migomba na kahawa, Mkatoliki wa benchi la mbele, mfupi, mbishi, na msafi kupita kiasi. Mama alifariki tukiwa wadogo, mimi na mdogo wangu Iteka, na Baba akatulea bila kuoa tena kwa sababu, alisema, hajaona mwanamke anayeweza kukunja shuka pembe zikakutana. Ndivyo alivyo. Ukiegemeza jembe ukutani likakaa upande, atatoka shambani kuja kulinyoosha. Tukipanda maharage alitulazimisha kufuata kamba, wakati watoto wa jirani wanarusha mbegu na kwenda kucheza, na mavuno yao yakawa sawa na yetu. Siku moja nilimwambia hivyo. Nilikula bakora.

Kamba hiyo ndiyo iliyompa jina. Ilikuwa ya katani, ndefu, yenye fundo kila baada ya mita moja, na aliachiwa na wapimaji wa barabara mwaka 1995. Aliitundika sebuleni kwenye msumari, chini ya picha ya Bikira Maria. Watu wakigombania mpaka wa shamba hawakuanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, walianzia kwetu. Baba alivaa shati safi, akaenda na kamba yake begani, akapima.

Kwetu mpaka ni mti. Si mti wa kivuli wala wa matunda, ni mti mwembamba wa majani marefu, ambao ukikata kipande ukakichomeka ardhini kinaota hata kiangazi. Ukishapandwa mpakani haung'olewi, na mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ng'ombe wakiukanyaga, wazee hufunga kamba kwenye mti uliobaki upande huu, wakaivuta hadi kwenye mti uliobaki upande ule, wakachomeka mti mpya juu ya kamba. Baba alifundishwa kazi hiyo na babu. Akimaliza kupima husema, "Kamba imeshasema," na hata mwenye hasira huchukua jembe lake akaondoka.

Sasa niseme habari za barabara. Mwaka huo wa 1995 kambi ya Lukole ilikuwa imejaa wakimbizi, malori ya chakula hayana pa kupita, na barabara ya changarawe ikachongwa mbiombio kuzunguka kilima kilicho juu ya nyumba yetu. Mpimaji alikuwa mtu wa Biharamulo aliyeitwa Juvenali. Alihitaji mtu wa kushika fito, zile fimbo ndefu zilizopakwa nyeupe na nyekundu, na Baba, wakati huo ana miaka ishirini na minane, akaipata kazi. Juvenali alimpenda kwa unadhifu wake. Siku ya kwanza alichora duara kwenye vumbi kwa kijiti na uzi, akamwambia kwamba kona ya barabara ni kipande cha duara, na kwamba kigingi kinapigwa kila mita ishirini kulifuata duara hilo. Baba alitusimulia maneno hayo mara nyingi hadi mimi na Iteka tukawa tunayasema pamoja naye, tukimwigiza nyuma ya mgongo wake.

Shida ilikuwa vigingi. Kuni zilikuwa adimu, na kigingi kikavu kilichopakwa rangi kilikuwa kuni ya bure. Wakimbizi walichukua, wenyeji walichukua, na bibi yangu, mama yake Baba, alikamatwa na mwanawe mwenyewe akichemshia viazi kigingi namba tatu. Ndipo Baba alipopata wazo ambalo hakuna mhandisi wa mjini angelipata. Kwenye kila kigingi alipima hatua kumi upande wa bondeni, akachomeka mti wa mpaka. Kigingi kikiibwa, unahesabu hatua kumi kutoka kwenye mti unakirudisha. Na mti hautaguswa na mtu, kwa kuwa ni mpaka. Juvenali alicheka kwa furaha, akamnunulia soda. Baba alivimba kichwa, na sidhani kama kiliwahi kurudi saizi yake.

Fahari yake kubwa ilikuwa miti mitatu: wa saba, wa nane na wa tisa, pale barabara inapokunja kwenye pua ya kilima. Wageni wakija nyumbani, wakishakula, Baba aliwapeleka kuiona. Alimsimamisha mgeni kwenye mti wa sita, akamwambia afumbe jicho moja atazame kuelekea mti wa kumi. Miti yote mitatu ya katikati ilijificha mmoja nyuma ya mwingine, ukaona mti mmoja tu. Kisha alisimulia. Ng'ombe walipita siku moja wakaikanyaga ile mitatu na vigingi vyake vyote. Juvenali alikuwa amekwenda kupima kipande kingine upande wa Biharamulo, na greda linafika kesho yake asubuhi. Baba hakumngoja mtu. Alifunga kamba kwenye mti wa sita, akaivuta hadi wa kumi, akachomeka mitatu mipya juu ya kamba, na vigingi vyake hatua kumi juu, kabla jua halijazama. Greda likaja likafuata. Juvenali alihamishwa bila kurudi kupima tena, na baadaye tulisikia amefariki.

Hadithi hiyo niliisikia labda mara mia. Naapa sikuwahi kusikia kilichokuwa ndani yake.

Mwaka 2013 Iteka alikuwa kidato cha nne. Alikuwa na miaka kumi na saba, na sauti ya kuimba ambayo mimi sikupewa. Siku ya gulio Baba alimtuma Kabanga kununua viatu vya mahafali, maana vya Kabanga, vinavyovushwa kutoka Burundi, ni bei nafuu. Akarudi na Fuso la mizigo, juu ya magunia ya vitunguu, pamoja na watu wengine sita. Dereva alikuwa Jean Paul, kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa Nimpaye. Nimpaye ni mjane aliyekuja kutoka Burundi miaka ile ya wakimbizi, akabaki, akalima, akawa jirani yetu. Jean Paul nilimjua tangu anakimbiza tairi la baiskeli kwa kijiti.

Fuso lilipinduka kwenye pua ya kilima, mbele kidogo ya mti wa kumi. Wengine walivunjika mikono na miguu. Iteka alifunikwa na magunia. Nilipofika walikuwa wamemlaza kwenye nyasi, na viatu vipya vikiwa bado kwenye mfuko wake, havina hata vumbi.

Jean Paul alishtakiwa kwa uzembe. Mimi nilikaa benchi la pili mahakamani kila siku ya kesi, na nilitaka afungwe, sifichi. Mashahidi walisema alikuwa anakimbia. Yeye alisema alikuwa kwenye hamsini, na wenzake wote hupita na hamsini. Hakimu akamwuliza, kama ni hivyo, gari liliangukaje. Jean Paul alikuwa na bandeji kichwani, na Kiswahili chake cha shule kilimpotea kwa woga, akawa anatafuta neno moja moja.

"Kona ile inakata mara mbili," alisema. "Katikati inanyooka."

Watu walicheka. Kona inayonyooka katikati! Karani wa mahakama aliinamia karatasi zake ili asionekane akicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sauti, kicheko cha mtu aliyefiwa, chenye sumu.

Kisha Baba akapanda kizimbani kutoa ushahidi. Alisema kona ile haina kasoro, kwa kuwa yeye mwenyewe alishika fito ilipopimwa. Wakili wa Jean Paul alibisha, na hakimu akaamua twende tukaione. Tulikwenda. Baba alikuwa na kamba yake begani na shati lake jeupe. Aliifunga kwenye mti wa sita, akaivuta hadi wa kumi, na ile miti mitatu yote ikaigusa kamba, shina kwa shina, baada ya miaka kumi na minane. Ulipita mnong'ono wa kustaajabu. Baba alimtazama hakimu akasema, "Kamba imeshasema." Jean Paul alipata miaka mitatu.

Alipotoka hakushika usukani tena. Alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli nyumbani kwa mama yake. Tukikutana njiani alitoa shikamoo kwa Baba, na Baba akaiacha ianguke chini, akapita. Aliitoa kwa mwaka mzima, kisha akaacha. Kanisani, padri akisema tutakiane amani, Baba alimpa mkono kila mtu wa benchi lake na la nyuma yake, na akifika kwa Nimpaye aligeuka kurekebisha kola. Hata jumuiya tulihama, tukawa tunasali na watu wa mtaa wa chini, ili tusikae chumba kimoja na mwanamke yule. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na moja.

Mwaka huu ndipo ikaja habari kwamba barabara itawekwa lami. Mhandisi alikuwa dada mmoja mwembamba aliyeitwa Anneth, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alipita na watu wake wanne, wakisimamisha kila hatua chache kifaa chenye fimbo kinachozungumza na satelaiti. Nilipata kazi ya kuwapikia, ndizi na maharage, uani kwetu. Baba aliwafurahia ajabu. Anneth alipompa shikamoo ya kwanza, Baba aliitikia marahaba, na papo hapo akaanza hadithi ya Juvenali. Nilimwonea huruma yule dada.

Siku ya tano, mchana, Anneth alitandaza karatasi kubwa mezani ili awaonyeshe watu wake kipande walichokimaliza. Baba alikuwa kwenye kigoda anapukuchua maharage. Mimi nilikuwa nakoroga sufuria. Anneth aliweka kidole kwenye mstari, akasema bila kutuangalia, kama mtu anayesoma bei ya sukari:

"Kona hii inakata mara mbili. Katikati imenyooka."

Upawa ulinitoka mkononi ukazama kwenye maharage. Nilikaa chini, juu ya gunia la mkaa, na kanga yangu nyeupe. Yalikuwa maneno yaleyale. Si yanayofanana nayo, yaleyale, na kwa mpangilio uleule, kana kwamba yalikaa miaka kumi na moja juu ya kilima yakimngoja mtu mwenye buti.

Nilimwuliza ana maana gani. Anneth alidhani napenda tu kujifunza, akanieleza vizuri. Gari likikata kona, alisema, linasukumwa kwenda nje, na kinachozuia lisiende ni tairi kushika barabara, na ule ukingo wa nje kuinuliwa kidogo, jinsi mwendesha baiskeli anavyojilaza ndani anapokunja. Kona ikiwa kipande cha duara moja, dereva anashika usukani mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwili wake unajua. Lakini hapa barabara inapinda, halafu inanyooka karibu mita themanini. Dereva anaona kona imekwisha. Anarudisha usukani, anaongeza mwendo. Kisha barabara inapinda tena ghafla, kwa ukali zaidi kuliko mwanzo, wakati mzigo wake tayari umeshalala upande mwingine.

"Mtu anaingia na hamsini, na pale mwisho panamtaka thelathini," alisema. "Hata angekuwa dereva mzuri namna gani. Nashangaa kama hapajaua mtu."

Vijana wake walikuwa wageni, hawakujua. Nilimtazama Baba. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo, ganda la maharage kati ya vidole.

"Umesema mita ngapi?" aliuliza.

"Karibu themanini, mzee. Mtu alizipiga hapo kwa mstari. Kama angefuata duara, pale katikati barabara ingekuwa nje zaidi kwa mita tano na kidogo."

Baba aliweka ungo chini taratibu. Aliingia ndani, akatoka na kamba, akaniambia nimfuate. Nilimfuata nikiwa na masizi nyuma na mikono ina mchuzi. Kwenye mti wa sita alinipa ncha nishike, yeye akaenda na kamba hadi wa kumi, akaivuta. Miti mitatu ikaigusa yote. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaacha kutazama miti, nikatazama barabara. Ilikuja kutoka nyuma yangu imekunja vizuri, ikafika kwenye mti wa sita, ikalala sambamba na kamba yetu, imenyooka kama kitanda, hadi kwa Baba. Halafu pale Baba aliposimama, ikavunjika kushoto. Mbele yake hatua chache ulikuwa msalaba wa chuma tuliomwekea Iteka pale alipofia.

Nimezaliwa hapa. Nimeipita barabara ile kwenda shule, kisimani, kanisani, na nikiwa nyuma ya jeneza la mdogo wangu. Sikuwahi kuiona.

Baba alirudi akikunja kamba kwenye kiwiko. Alifika karibu yangu akaketi kwenye nyasi, yeye ambaye haketi chini bila kutandika kitu.

"Mpaka wa shamba unanyooka," alisema. "Kona hainyooki. Juvenali aliniambia siku ya kwanza. Nimewaambia nyie mara ngapi, kipande cha duara, kipande cha duara. Nimesema kwa mdomo wangu."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimtazama kichwa chake chenye mvi na nikataka kumpiga kwa ile kamba, na papo hapo nikataka kumfunika na kanga asionekane na mtu yeyote. Nililia kwa hasira, nikamwuliza Iteka alikufa kwa ajili ya nini, kwa ajili ya nani kufurahi kuona miti imepangana. Hakujitetea. Angejitetea ningepata nafuu.

Jioni ile Anneth aliambiwa. Baba alimweleza mwenyewe yote, ng'ombe, kamba, greda, na kesi. Dada wa watu alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha alisema, kwa upole, kwamba aliyepaswa kurudi kuhakiki vigingi ni mpimaji, si mshika fito. Alisema hana haja ya kuandika jina la mtu kwenye taarifa. Ataandika tu kwamba njia ya zamani ina kasoro. Kona mpya itakuwa duara moja, la nusukipenyo cha mita mia mbili na kumi, ukingo wa nje utainuliwa, na ile miti itaondolewa.

Hapo nikaona mlango. Anneth akiondoka na karatasi zake, nani atajua? Na mimi, Adelfina, ninayejulikana kata nzima kwa kusema chochote mbele ya yeyote, ndiye niliyemwomba Baba anyamaze. Nilimwambia kifungo cha Jean Paul kilishakwisha, hakirudi. Nilimwambia watu watamtemea mate, kwamba kila mpaka aliopima kata nzima utagombaniwa upya, kwamba mimi nitapita sokoni kama nani. Nilisema hata kwamba Iteka hatafufuka. Nilisema siku mbili mfululizo, asubuhi na mchana, na yeye hakula.

Siku ya tatu alivaa lile shati jeupe. "Nimemnyima mtoto wa watu marahaba miaka yote hii," aliniambia. "Kama huendi, baki." Nikaenda, kwa kuwa sikuweza kubaki.

Jean Paul alikuwa kwenye kibanda chake amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu kuangalia kama linayumba. Alituona tukiingia uani kwao akaendelea kuzungusha. Hakutoa shikamoo. Ikabidi mkubwa aanze, na Baba akaanza, akasalimia kama mgeni, "Habari za hapa." Kisha alisema alichokuja kusema, akiwa wima, mikono imelala ubavuni. Alisema alifunga kamba mahali ambapo hapakupaswa kufungwa kamba. Alisema mahakamani alisema uongo bila kujua ni uongo. Alisema kona ile ni yake.

Nimpaye alikuwa ametoka jikoni. "Mana yanje," alimwita Mungu wake kwa Kirundi, na akashika nguzo ya kibanda.

Gurudumu lilizunguka hadi likasimama lenyewe. Jean Paul alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hatua mia moja na moja," alisema. "Pale panaponyooka. Nimepapima kwa miguu kila mwaka tangu nitoke. Nilidhani nimerukwa na akili."

Baba alimwambia yuko tayari kwenda na karatasi za Anneth mahakamani, wafute. Jean Paul alitikisa kichwa. Alisema karatasi atazitafuta mwenyewe, na wakili. Kutoka kwa Baba anataka jambo moja.

"Lile neno nililosema wakanicheka. Ulirudie, pale pale. Mbele ya walewale."

Jumapili baada ya misa ya kwanza watu walijaa kwenye pua ya kilima. Baba alikuwa amewatangazia mwenyewe nje ya kanisa, na hakuna aliyetaka kukosa, maana mtu akimwita mwenzake kwenye kamba kwetu ni jambo zito. Yule karani wa mahakama, ambaye sasa ni mstaafu, alikuwepo na kofia mkononi. Vigingi vipya vya Anneth vilikuwa vimeshapigwa, vyekundu, vikikata upande wa bondeni, na hata mtu asiyejua kusoma angeona jinsi vilivyokunja polepole, mbali na ile miti. Vijana wa Anneth walikuwa wamekataa kuigusa miti. Waliambiwa ni ya mpaka.

Baba alifunga kamba kwenye mti wa sita. Ncha ya pili alimpa Jean Paul, kama tunavyofanya mpaka ulioharibiwa unaporudishwa: aliyekosa anafunga, aliyekosewa anavuta. Jean Paul aliipeleka hadi mti wa kumi, akaivuta. Miti mitatu ikaigusa. Safari hii hakuna aliyenong'ona, kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama barabara, na nikawaona wakiona, mmoja baada ya mwingine, nyuso zikiwabadilika. Mama mmoja aliyevunjika mguu siku ile alikaa chini.

"Kona hii inakata mara mbili," Baba alisema. Aligeukia upande wa yule karani, akaanza upya. "Kona hii inakata mara mbili. Katikati inanyooka. Niliinyoosha mimi."

Nilisikia pikipiki mbali chini bondeni. Nimpaye alikuwa akilia bila kujifuta. Baba alibaki amesimama, mfupi, na kola yake imekaa upande, naye hakuinyoosha.

Jean Paul aliachia kamba. Alikuja kwa Baba, akasimama mbele yake, na nilidhani atampa mkono. Hakumpa. Alisema shikamoo, kwa sauti ya chini, na Baba akaitikia. Kisha alipita karibu na msalaba wa Iteka, akauzunguka asikanyage kivuli chake, akaja moja kwa moja hadi niliposimama mimi.

"Benchi la pili," aliniambia. "Ulicheka kuliko wote."

Sikuwa na pa kutazama. Nikamwambia, "Nilicheka."